Jembe Kabla ya Hodi

Kompyuta thelathini na mbili zimepangwa ukutani
chini ya maktaba ya Lochee, mjini Dundee,
zawadi ya ofisi ya bima iliyofunga milango.
Bado zina vibandiko: Madai. Madai. Mapokezi.
Moja ina jina la mtu, Catriona, kwa wino wa zambarau.

Morven anazitaka Jumatatu, saa tatu asubuhi,
kwa wazee wanaoomba ruzuku ya kupashia nyumba joto.
Leo Ijumaa. Nje mvua inapiga ubavuni;
hapa mvua haishuki, inapita.

Usakinishaji usio na mtu: ndivyo nilivyomwahidi.
Unaandika majibu kabla ya maswali.
Lugha ipi? Kiingereza cha Uingereza.
Saa za wapi? Za London.
Umekubali masharti? Nimekubali, nimekubali,
mara thelathini na mbili nimekubali
bila kusoma hata mstari.
Kisha unazima taa, unakwenda zako kulala.

Nilikuwa nimefika kituo cha basi nikakumbuka mwavuli.
Nikarudi, nikazikuta zote zimegoma pale pale,
skrini thelathini na mbili za buluu, kauli moja:
Hakuna diski.

Hakuna diski! Nami nimeinama, sikio kwenye bati,
naisikia ikizunguka, inakoroma kama paka aliyeshiba.
Diski ipo.
Aliyekosekana ni wa kuwatambulisha.

Kamusi inamwita kiendeshi. Sisi tulisema draiva
tangu kule dukani Chumbageni, Fundi Shemdoe
akinigonga vidole kwa mpini wa bisibisi:
"Chuma hakisemi. Kitafutie mkalimani kwanza."

Basi natafuta. Watengenezaji wameficha kila kitu
ndani ya kifurushi kimoja kinachosubiri kubofywa,
na maana yote ya usiku huu ni kwamba hakuna wa kubofya.
Nakipasua kama samaki. Natoa faili dogo la maandishi,
na mwenzake, na saini yao.
Kidhibiti cha diski, tayari.
Kadi ya mtandao, hicho ndicho kichekesho chenyewe:
bila draiva hufiki mtandaoni,
na draiva, wanakuambia, iko mtandaoni.
Nimewahi kusimama mbele ya dirisha la namna hiyo,
benki ikitaka barua ya nyumba,
nyumba ikitaka barua ya benki.
Sitaki kuongeza neno hapo.

Mgeni siku mbili, walisema wahenga,
siku ya tatu mpe jembe.
Mimi nafungua taswira ya mfumo ungali usingizini,
naipachika kwenye folda, naingiza majembe
moja moja, mpini kwanza,
nafunga, nahifadhi.
Huyu atakuwa na jembe kabla hajapiga hodi.

Bwana Petrie, mlinzi, analeta chai isiyo na sukari,
anautazama mstari wa asilimia ukitambaa.
"Kama inajifanya yenyewe," anauliza,
"wewe umekaa hapo unafanya nini?"
Nanywa chai.
Swali hilo sikuliandikia jibu kwenye faili.

Saa kumi na moja alfajiri, giza bado zito,
zinaamka: safu ya Madai yote, kisha Mapokezi,
kila moja ikijitaja jina nililoipa,
kila moja ikiiona diski yake
kana kwamba haijawahi kuikana.
Ya Catriona imeamka pia, ila bubu.
Kadi yake ya sauti ni ya ukoo nisioujua,
na tovuti ya waliomzaa ilikwisha kufa.

Nimebandika karatasi: Hii haina sauti.
Itumieni kwa kuandika.
Jina la zambarau sijalibandua.

Basi la kwanza linapanda mlima, taa zimewaka,
nami kituoni, mvua ubavuni.
Mwavuli nimeusahau tena.