Anakidhi Viwango

Nilipewa penseli, fomu ya kurasa nne,
na onyo: usicheke, usigune, usitikise kichwa.
Kaa nyuma. Wewe si wakili, si shahidi.
Wewe ni jicho tu.

Jicho nimekuwa. Miaka ishirini na tisa
nimeendesha basi la shule la Kaunti ya Piedra Honda,
theluji magotini, viazi vikiganda ardhini,
na katika kile kioo cha juu ya usukani
nilijua nani anamwonea nani
kabla ya kelele ya kwanza.

Basi Jumanne nikaketi. Bomba la joto likikoroma.
Akaingia Jaji Wendell Haugen,
joho limemkaa kama koti la kuazima,
mafua yamemshika, leso mkononi.
Tukasimama. Tukaketi.

Je, jaji anasikiliza? Moja hadi tano.

Asubuhi nikaandika nne.
Alikuwapo mzee Eusebio Maestas, kesi ya mfereji:
jirani kafunga lango la maji Julai nzima,
maharage yakakauka yangali na maua.
Jaji akauliza jina. Akalikosea.
Akauliza tena. Akalikosea.
Mara ya tatu akaliandika, akalisoma polepole,
silabi kwa silabi, kama mtu avukaye barafu,
na mzee akanyooka kitini.
Nikatafuta kisanduku cha jambo hilo.
Hakipo. Nikaliandika pembeni.

Mchana, habari nyingine.
Shawnelle Pruitt, anadaiwa kodi ya nyumba,
kitoto kimelala kifuani, kofia imekiziba jicho.
Alikuwa katikati ya sentensi,
"Mwezi wa nne nililipa, risiti yake…"
jaji akaitazama saa ya ukutani.
Nami nikaitazama. Saa tisa na dakika arobaini.
Aliposhusha macho, sentensi ilikwisha kufa
na hakuna aliyeizika.
Siku saba za kuhama. Anayefuata.

Labda sheria haikumpa njia nyingine, sijui.
Mimi sipimi hukumu, fomu imesema kwa wino mzito.
Napima uso. Napima zamu ya kusema.
Nikafuta nne. Nikaandika mbili.
Nikafuta mbili; karatasi ikatoboka.

Maana nami niliwahi kuchoka.
Februari moja nilimshusha mtoto wa kina Lindqvist
kituo kisicho chake, kwa kuwa alinikera
na nilitaka kufika nyumbani.
Siku ile hakuna aliyeketi siti ya nyuma na fomu.

Oktoba kijitabu kikaja kwa posta.
Watazamaji sita, ziara tisa,
mawakili mia na kumi na wanne waliojaza hojaji,
vyote vimechemshwa vikabaki maneno mawili:
Anakidhi viwango.
Jina la Eusebio halimo. Saa ya ukutani haimo.
Jirani yangu Merle alikiwashia jiko.
"Mimi majaji wote nawapigia hapana," akasema,
"wajue tupo."
Dada yangu wote huwapigia ndiyo,
ati siku moja asije akasimama mbele yao.

Usiku nikaitandaza karatasi ya kura mezani.
Haugen: aendelee, asiendelee?
Chai ikapoa. Nikamsikia akipenga kamasi.
Nikamsikia akilitafuta jina la mzee.
Nilipaka kisanduku kimoja; kipi, sisemi,
hata Merle nimemnyima.

Chini yake, jina jingine:
Jaji Rosalind Tessmer, mahakama ya rufani,
mji wa mbali, sijapata kuona hata kivuli chake.
Anakidhi viwango.
Nikayasoma mara mbili maneno yale yale,
nikaisogeza taa, nikichungulia pembeni mwa ukurasa
kama nitaona mahali
ambapo penseli ya mtu nisiyemjua
ilifuta, ikarudi, ikatoboa.