Mstari Mweusi

Gesi ilikata saa mbili, usiku wa kuamkia Uhuru.
Ilipiga chafya moja chini ya maharage,
kisha kimya.
Nikafungua gunia la mkaa: vumbi.
Nyemo kasimama mlangoni na soksi moja mguuni.
"Mama, niliwaahidi."

Wiki tatu anarudi toka uwanjani
nyayo zimeiva kama viazi,
sauti imebaki huko huko, moja-mbili, moja-mbili.
Kwenye halaiki, watoto mia nne watakuwa bendera,
na binti yangu, wa saba kutoka kushoto,
ni weusi.
"Weusi ndio watu," ananifundisha.
"Bila sisi ni majani na maji tu."

Basi nikasema: leo tunapika bila moto.
Akacheka, kama umemwambia
twende Mpwapwa kwa baiskeli.

Lete kinu.
Biskuti pakiti kumi na mbili, zile za mia mbili mbili.
Twanga, lakini usizifanye unga wa ugali,
ziache na vijiwe, ulimi upate cha kuuliza.
Karanga za Kongwa nilishazikaanga Jumapili
(ashukuriwe aliyeniamsha mapema Jumapili),
nikazisaga hadi zikatoa jasho.
Kakao ya Kyela, vijiko saba;
wifi yangu aliisafirisha ndani ya soksi ya mtoto,
anasema mizigo ya basi haina adabu.
Maziwa ya kopo, yale mazito,
yanashuka kwa mapozi, hayana haraka na mtu.
Zabibu kavu za Hombolo:
zimesinyaa, lakini ukiziuma
zinakumbuka.

Mizani hatuna. Kipimo ni kiganja.
Tonge likipasuka, maziwa.
Likinata, biskuti.
Ukionja mara nne, wewe si mpishi, ni mwizi.

Tulifinyanga hadi viwiko vikawa vya kakao.
Tonge arobaini na moja.
Mstari una watoto arobaini na wawili.
Tukahesabu upya, kutoka upande wa pili.
Ile moja ilikuwa inajulikana ilipo.
Nikanyamaza.

Joto la Desemba hapa Nkuhungu halilali,
linakaa ukutani likikusubiri.
Tukabeba sinia kwa Mama Chilewa, muuza barafu.
Friji lake linanguruma tupu:
bomba halijatoa tangu Jumatatu,
barafu hakuna, nafasi ipo.
Akataka tonge mbili za kodi.
Arobaini toa moja, nikasema moyoni, Mungu atagawa.

Kurudi nyumbani Nyemo hakulala.
"Na mistari mingine? Watatuangalia tukila?"
Njano tulipata, embe mbili za Majengo,
nikazikata vipande vyembamba.
Kijani, akafikiri, akaleta mfuniko wa ndoo.
"Bluu?"
Nikatazama jikoni kote.
Chakula cha bluu Mungu hakukiumba, nikamwambia,
au alikiumba akakipeleka kwingine.
"Bluu ni maji," akasema, akijikuna goti.
Sote wawili tukaliangalia bomba.

Asubuhi alipanda bodaboda na ndoo mapajani,
kichwa kimesukwa, magoti yamepakwa mafuta,
mimi nikabaki kutafuta mtu wa kunijazia gesi siku ya sikukuu.

Alirudi saa tisa.
Shati jeupe lilikuwa na ramani ya kakao kifuani.
Zimeyeyuka, Mama, kabla ya wimbo wa taifa,
tukazilamba kwenye mfuniko,
mwalimu kageuka kutuona, naye ana weusi mdomoni.
Halaiki? Tulisimama vizuri.
Wa tano alizimia kidogo, tukaziba pengo.

Na wale wa bluu?

Akavua kiatu, akamwaga mchanga sakafuni nilikokwisha fagia.
Damari alikula mbili, akasema tamu sana.
Kisha akaniomba maji.