Namba Sita, Halafu Reli

Zamani ufunguo wa ghorofa ya tatu ulilala kwa Mangi,
ndani ya kopo tupu la siagi,
umefungwa kipande cha kitenge
usichanganyike na funguo za stoo.
Mgeni akishuka kwenye bajaji, Mangi ananipigia mluzi,
nami nateremka ngazi hamsini na mbili
nikifuta mikono kwenye aproni.
Kabla mlango haujafunguka nimeshajua mengi:
nani kachoka,
nani kagombana na mkewe njiani,
nani ataomba ndoo ya ziada.

Siku hizi kuna kitasa cheusi, uso wake kioo,
hakina hata tundu.
Fundi, kijana mwenye hereni, alitoboa mlango wa mninga
kwa dakika kumi. Vumbi nikalizoa mimi.
"Hutasumbuka tena, Mama Shukrani,"
alisema Elinaja, mwenye nyumba, kwa simu kutoka Mwanza.
Mgeni anatumiwa ujumbe: namba sita, halafu reli.
Taa ya kijani. Mlango unasema tiii.
Aingie saa nane usiku akipenda, ni yeye na kioo chake.
Siku ya kuondoka, saa nne kamili asubuhi,
namba inakufa
kama haikuzaliwa.

Nami nimepewa yangu.
Inaishi saa nne na nusu hadi saa saba.
Nikikawia na shuka, kitasa kinanichongea Mwanza,
dakika kwa dakika.
Wageni sasa nawajua kwa makombo:
ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika,
risiti ya dawa,
kiatu kimoja cha mtoto chini ya kitanda.
Sura, hapana.

Juma lililopita, jua limeshazama, nadeki korido ya Upanga,
nikasikia, "Hodi."
Nikadhani redio ya jirani.
"Hodi humu."
Bibi Anakleta, wa Songea, bahasha ya Muhimbili kwapani,
amesimama wima mbele ya kitasa.
Viatu kavivua, kavipanga kando ya zulia.
Kitasa kikamtazama.
Akangoja, kama angojavyo mtu aliyefundwa.
"Nilibakiza hodi moja," aliniambia baadaye.
"Ya tatu isipoitikiwa, unarudi ulikotoka."
Urudi wapi, bibi? Songea?

Kwenye kitochi chake kulikuwa na ujumbe wa mjukuu,
lakini kioo kimepasuka juu ya tarakimu;
tisa au nne, hatukujua.
Nikabonyeza. Nyekundu.
Nikabonyeza tena. Nyekundu.
Yangu ilikuwa imelala tangu mchana.
Nikampigia Elinaja.
Nikasikia honi za kwao, na mtu akimpunja samaki.
"Subiri," akasema.

Mlango ukasema tiii, hakuna aliyeugusa.
Bibi akarudi nyuma hatua mbili.
"Nani yuko ndani?"
"Hakuna mtu, bibi."
"Basi nani kanifungulia?"

Nikaitoa simu sikioni, nikaielekeza kwake.
"Elinaja, mwitikie."
"Nini?"
"Kapiga hodi. Mwitikie."
Kimya. Honi. Mizani ikagonga meza.
Kisha, kutoka Mwanza, kwa haya kidogo,
"Karibu, mama. Karibu ndani."

"Nimekaribia," bibi akakijibu kitasa,
akaingia,
viatu mkononi.