Silabi Moja

Jioni, Katindo, nyuma ya duka la saruji,
Mwalimu Lwaboshi alifungua Kiingereza kama mtu anayefungua begi,
akatoa kesho moja,
halafu kesho nyingine,
halafu nyingine.

Hii, alisema, ni ya aliyeamua sasa hivi:
simu inalia, acha, nitapokea mimi.
Hii ni ya aliyeamua tangu jana, na nauli keshaitenga.
Hii ni ya miadi: daktari, saa tisa, jina lako liko daftarini.
Na hii kavu, isiyo na moyo, ni ya meli.
Inang'oa nanga saa moja asubuhi kwenda Bukavu,
upende usipende, uwe umeagwa au hukuagwa.

Sisi tuliokuja na silabi moja mfukoni,
ta,
tuliyonunulia kila kitu tangu utotoni,
tukajiona kama watu walioingia sokoni na noti iliyochanika.

Muhindo wa gereji akauliza: na mlima je?
Mwalimu akasogea dirishani. Mawingu yalikuwa mekundu kwa chini.
"Ukiona dalili kwa macho, tumia ile ya pili.
Kisha kimbia."
Tulicheka, kama wanavyocheka watu waliojenga juu ya lava.

Umeme ukakatika.
"Utarudi," alisema gizani.
"Kwa kesho ipi, Mwalimu?"
Tukasikia akipapasa meza, akitafuta kiberiti.

Lile somo la kusimama Juni ya mwakani
ukageuka kutazama yote uliyokwisha kuyamaliza,
hakulimaliza.
Hakuna aliyejitolea kutoa mfano.

*

Leo nimevaa kizibao chenye nembo. Wiki ya tatu kazini.
Bulengo, kati ya mahema, mgeni ananiuliza nimuulize.
Namuuliza.

Mama Kahambu ameketi juu ya dumu la njano
anachambua maharage ya msaada,
yaliyo mazima anayafunga kwenye pindo la kitenge.
"Tutarudi Kibirizi," anasema. "Tutapanda."

Mgeni anangoja, kalamu juu ya karatasi.
Ni mpango, au ni tumaini?
Ana visanduku viwili.

Kesho ya aliyeamua sasa hivi?
Hapana. Huyu aliamua njiani, siku ile ile,
sufuria kichwani ikiwa bado ya moto.
Ya miadi? Na nani?
Wenye bunduki hawaandiki saa.
Ya dalili? Dalili ziko, anazifunga moja moja,
lakini mgeni anatazama karatasi.

Nikakumbuka jambo ambalo Mwalimu hakutufundisha
kwa kuwa lilikuwa letu:
hii ta ni kipande cha taka,
si taka za jalala, ni kutaka kwenyewe,
kumekatika mkia kwa kutumiwa mno.
Sema nitakapofika. Sema polepole.
Ni. Taka. Po. Fika.
Imelala humo nzima, haijafa.
Kiingereza kikifika hapo, kwenye siku yenyewe ya kufika,
hukunja kesho yake na kutumia leo.
Sisi hapo ndipo tunapotaka kwa neno zima.

"Anasemaje?"

Nikampa kesho ya meli.
Mvua zinaanza Septemba. Wanapanda Septemba.
Kavu hivyo, bila kuomba.
Mwalimu Lwaboshi angemwaga wino mwekundu.

Mgeni akatia alama. Sikuona kisanduku kipi.

"Umemwambia nini?" Mama Kahambu akauliza.
"Nimemwambia saa ya kuondoka."
Akanitazama kidogo,
akarudi kwenye ungo.
Haragwe moja lilikuwa na tundu.
Hilo akalitia sufuriani.