Kisanduku Namba Nane

Fomu imetoka wilayani, kurasa tatu,
na kalamu yangu inavuja kwa joto la Oktoba.
Namba moja, jina la mradi. Nimeandika: Kisima.
Namba mbili, kijiji. Chihembe.
Namba nane, jina la mtaalamu na cheti chake.
Hapo nimekwama tangu asubuhi,
mimi, Yoeli Chilongani, karani wa kijiji,
niliyekwisha kuandika wizi wa mbuzi, talaka na vifo
bila mkono kusita.

Mtaalamu tulikuwa naye, sikatai.
Alikuja na gari lenye mnara, akatoboa mita tisini,
akatutolea maji ya chumvi hata mbuzi wakayasonya.
Kijana mwungwana, alisikitika kwelikweli;
alikula mlenda wetu kwa ugali wa uwele, akaomba tena.
Bomba lake lipo mpaka leo.
Njiwa hulitumia.

Basi nimwandike Sechelela Malogo?
Hana cheti. Ana kadi ya kliniki ya mwaka sabini na tisa
na kovu la jembe mguuni.
Ndiye aliyesimama mkutanoni, ungo bado kiunoni, akasema:
"Mto haujafa. Umelala, umejifunika mchanga.
Nyie mmegonga mlango wa jirani."
Akatupeleka kwenye kona ya korongo,
juu ya jiwe linalokata mto kama kizingiti.
Chini ya jiwe maji ni magadi, juu yake ni matamu.
Bibi yake aliyapima kwa ulimi.

Tukachimba. Mchanga ukarudi shimoni.
Tukachimba. Ukarudi.
Mchanga hauna aibu.
Akatuuliza, "Mtama nyumbani mnauwekea nini?"
Akaketi akasuka fito za mkole, duara juu ya duara,
kama anavyosuka ghala, ila hili halina kitako,
tukalishusha shimoni:
kilichozoea kuzuia kuku
kikazuia mto.

Mwezi wa kwanza mafuriko yakabeba vyote,
fito, kamba, na ndoo ya mchungaji.
Kilabuni watu walicheka mpaka pombe ikawapalia.
Yeye akaenda kutazama takataka zilipokwama kwenye miiba,
akahesabu hatua, midomo ikicheza,
akarudi: "Vizuri. Sasa mto umetuonyesha mabega yake."
Akasogeza kisima hatua kumi na moja.

Au nimwandike mjukuu wake, Ndahani, fundi baiskeli,
aliyekata katambuga za marehemu babu yake
vipande vya mviringo, akavifunga kwenye kamba, shubiri kwa shubiri,
kamba akaipitisha ndani ya bomba la plastiki
na juu akaweka gurudumu lisilo na tairi?
Ukikanyaga pedeli, maji yanapanda kwa nyayo za mzee yule
aliyetembea mpaka Kongwa kutafuta chakula mwaka wa njaa.
Bado anatembea. Safari hii anakwenda juu.

Au kaya sitini na mbili, kila moja debe la uwele,
na Mama Mendelwa aliyetoa nusu debe akalia?
Kisanduku kina upana wa vidole vitatu.

Jioni nikaibeba fomu mpaka kisimani.
"Mbukwenyi," nikasema, nikamsomea namba nane.
Sechelela alikausha mikono kwenye kitenge,
akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.
"Andika punda."
"Punda?"
"Yule wa sikio moja, wa kina Mlowezi.
Ndiye aliyeparua pale, mwaka ule wa ukame, kabla ya mtu yeyote.
Mimi nilimfuata tu."
Nilisubiri acheke. Ndoo ikajaa, ikamwagika.
Hakucheka.

Nimeandika: Punda (sikio moja). Cheti: hana.
Muhuri nimeugonga mara mbili, wa kwanza ulififia.
Fomu imeondoka na basi la alfajiri,
na wilayani bado wako kimya.

Leo mtaalamu mwenyewe kapita dirishani pangu,
madumu manne mgongoni, yamejaa.
Nikainuka kidogo kitini.
Hakunitazama.