FNG

Saa tisa za usiku, nyuzi ishirini na tatu chini ya sufuri,
simu kutoka kituo cha joto cha Valmiera:
"Ēvald, hii skrini uliiandika wewe?
Ijumaa nastaafu. Sitamrithisha mtu
kitu ambacho mwenyewe sikijui."
Niliiandika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita,
ilikuwa jioni, koti nimeshalivaa.

Skaidrīte alinipokea mlangoni, kalamu sikioni,
mama wa maboila manne na paka mmoja mwenye masizi.
Hakunisalimu. Alinipeleka moja kwa moja
mbele ya kitufe, akakifunua:
alikuwa amekibandika plasta ya kidonda,
imechakaa pembeni
kwa miaka kumi na mmoja ya kubanduliwa na kurudishwa.

FNG 2.

"Nisomee."
Nikafumbua mdomo. Nikaufumba.

Ni funga, au ni fungua?
Mbili ni vali ya pili, hilo nalikumbuka,
lakini kati ya funga na fungua kuna u moja tu,
na u hiyo niliitupa mimi
kwa sababu kitufe kilikuwa chembamba
na nembo ya kampuni ilitaka nafasi ya kupumua.

Wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua.
Huyu mama anajua kwa sikio
boila ipi imelishwa kuni mbichi,
kwa harufu anajua bomba linalokaribia kupasuka,
na amekesha mbele ya herufi zangu tatu.
Mjinga hapa ni nani?

Kitendawili cha utotoni kilikuwa na mlango wa nyuma:
ukishindwa, unasema nakupa mji,
mwenzio anaupokea, anautawala kidogo kwa maringo,
kisha anakutolea jibu.
Kitufe hiki nacho kinataka mji,
ila mji wenyewe ni huu ulio nje ya dirisha:
wodi ya wazazi, bweni la wanafunzi wa useremala,
ghorofa ya tano ambako Tālivaldis anafuga samaki wa rangi.
Ukibonyeza vibaya umeutoa kweli,
na jibu hupewi.

"Sasa huwa unafanyaje?"
"Natembea."
Hatua mia mbili na kumi na nne ndani ya theluji,
mara tatu kwa usiku, mpaka kwenye vali,
aizungushe kwa mikono, glavu juu ya glavu.
Nilianza kuzidisha kichwani, nikaacha.

Nikafungua msimbo wangu wa zamani. Pale pembeni
nilikuwa nimejiachia maelezo, mtu makini mimi:
"FNG 2 – k.u."
K.u.!
Kama ujuavyo? Kwa uangalifu?
Kesho utamalizia?
Skaidrīte alicheka hadi paka akakimbia.

Ikabaki njia moja. Yeye akaenda kwenye vali na redio ya mkononi,
mimi nikabaki na kidole.
Nikabonyeza.
Redio ikakoroma. Upepo. Kimya. Upepo tena.
Nikawaza samaki wa Tālivaldis.
Halafu sauti yake, imeganda kidogo:
"Inafungua. Ni fungua, mwanangu. Inafungua."

Sikungoja kuche. Nembo niliisukuma kando,
kitufe nikakipanua kikavimba kama mkate,
nikaandika FUNGUA VALI YA PILI,
u zote mbili zikakaa mahali pake.

Alirudi na theluji kwenye nyusi, akavaa miwani,
akasoma kwa sauti, polepole, kama anayehesabu chenji.
Plasta akaikunja, akaitia mfukoni.
Kisha kidole chake kikashuka mstari mmoja.
"Haya. Na hii RJS?"

Nikavua koti.