Njia Mbili

Bi. Stumai wa uhasibu aliweka kalamu juu ya mchoro wangu,
kwenye kisanduku cha pili:
"Na hii swichi inafanya kazi gani?"
Inasubiri, nikamwambia.
"Milioni kumi na nane, isubiri?"
Akacheka mpaka miwani ikamshuka.
"Baba, njia mbili zilimshinda fisi."

Sikuwa na jibu siku ile.
Ghorofa ya saba, Mtaa wa Mkwepu,
kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo ya rangi.

Jibu lilinijia kitandani, kama kawaida, limechelewa:
fisi hakuponzwa na njia, Bi. Stumai,
aliponzwa na kutaka kuzipita zote kwa pamoja.
Mtandao nao una ufisi wake.
Ziache njia zote wazi, ujumbe mmoja utazunguka,
utakutana na nafsi yake mlangoni, utajizaa,
na watoto watazaa,
taa zote zipepese kama wendawazimu
na isifike hata barua moja.
Nililiona hilo ghala la Vingunguti:
Kasiani, wiki yake ya kwanza kazini,
aliona waya unaning'inia, akauonea huruma,
akauchomeka.

Ndiyo maana mlango mmoja tunaufumba jicho,
hatuuzibi sikio.
Kila baada ya sekunde mbili unapokea salamu ya mwenzake:
nipo.
Nipo.
Nipo.
Salamu ikikatika, unahesabu kidogo, kisha unafunguka.

Nikashinda hoja. Tukanunua.
Tukaweka na laini mbili mpaka Ubungo,
kampuni mbili, mikataba miwili, nembo nyekundu na nembo ya bluu,
na kwenye karatasi zilipendeza kama reli.

Halafu ikanitia shaka ile karatasi.
Jumamosi moja tukazifuata kwa miguu, mimi na Kasiani,
mfuniko kwa mfuniko, tochi mdomoni,
mpaka Jangwani. Tukafunua.
Bomba moja.
Nyekundu na bluu wamelala mzungu wa nne
ndani ya bomba moja, chini ya tope moja,
wakisubiri mto mmoja.

Kurudi kwa Bi. Stumai kuomba tena,
hapo ndipo nilipojua uzito wa ngazi saba.
Hakucheka. Alitazama picha ya shimo kwenye simu yangu
kwa muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo tulikuwa na moja siku zote."
Akatia saini. Bluu ikahamia Tazara.

Masika, usiku wa manane, Msimbazi akaja kuchukua chake.
Asubuhi mishahara ikatoka.
Mtu wa masoko alilalamika printa haina wino.
Hakuna aliyejua kitu.

Kasiani alikuwa anataka kushangilia.
Nikampa daftari: andika.
Saa tisa na dakika kumi na nne, nyekundu imekufa.
Sekunde tatu, bluu imeshika.
Akaandika, akafunga kalamu.

Bado, nikamwambia. Ongeza mstari:
kuanzia sasa tuna njia moja.